Chai ya Mudathiri

Wivu wa Mudathiri ulishinda mpunga wa Kyela kwa wingi. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, yeye na rafiki yake Dulla walianzisha duka la dawa za wadudu pale Mbugani. Walizimimina toka kwenye madumu hadi chupa za soda, mikono mitupu, miaka sita mfululizo. Wote wawili walikuwa na wake, na hakuna aliyejaliwa mtoto.

Mara Mwasiti, mkewe Mudathiri, akaanza safari za kwa Clemence, bwana shamba kapera kutoka Bukoba. Alirudi na majani makavu, akayachemsha kwenye chai, akamjazia mumewe chupa ya kwenda nayo dukani.

"Majani gani haya?"

"Mlonge tu, mume wangu. Yanaleta afya."

Alisema hivyo huku akitazama pembeni. Limbwata hilo! Clemence anataka kumpumbaza, amchukulie mke kiulaini. Tangu siku hiyo Mudathiri akila anamwona Clemence, akiswali anamwona Clemence. Roho ilimuuma kama jino bovu.

Mwasiti aliikagua chupa kila jioni, kwa hiyo ilibidi irudi tupu. Mudathiri akawa anampa Dulla. Limbwata hutengenezwa kwa jina la mtu, alijiambia, haliwezi kumdhuru mwingine. Dulla alikunywa miezi mitano na kusifu.

Asubuhi moja Dulla akaingia dukani anacheka na kulia. "Ndaga fijo, asante sana Mungu wangu! Kaka, mke wangu Samira ana mimba!"

Mudathiri aliipeleka habari nyumbani. Mwasiti akaketi chini.

"Clemence aliniambia dawa zenu zinaharibu mbegu za mwanamume, na mlonge unaweza kuzikinga. Ningeanzaje kukwambia kasoro iko kwako? Nimechemsha miezi mitano. Kwa nini wenzetu, si sisi?"

Mficha uchi hazai, na hawa walikuwa wamefichana wote wawili. Wivu wa Mudathiri ukamwacha Clemence, ukamrukia Dulla, na safari hii ulikuwa na sababu.

Kesho yake alifika dukani na chupa. Dulla, kwa mazoea, akanyoosha kikombe.

"Leo hakuna," alisema Mudathiri, na akainywa yote amesimama, ya moto, mpaka machozi yakamtoka.