Motokaa ya Uweso Iliyoshikwa na Kiu

Mtaa mzima wa Nguvumali ulikuwa unajua kwamba motokaa ya Uweso ndiyo itakayompeleka bibi harusi Horohoro, Ijumaa baada ya sala. Uweso mwenyewe alikwisha kumwambia kila mtu, na wengine akawarudia. Bibi harusi alikuwa Asmahani, mdogo wa mke wake. Ukweni walimhesabu Uweso kuwa mtu wa maneno mengi na faida chache, naye aliitegemea safari hiyo imsafishie jina.

Lakini motokaa ilikuwa na kiu isiyo na maelezo. Jioni Uweso huijaza rejeta maji mpaka mdomoni. Asubuhi akifungua kifuniko hukuta yameshuka, na yaliyobaki yana umanjano. Akiendesha, hafiki Amboni kabla mvuke haujapiga mbinja. Jumanne ilimchemkia mbele ya duka la Sadalla, ami yake bwana harusi, ambaye naye alikuwa na motokaa, tena mpya.

"Uweso," Sadalla aliuliza, ameegemea mlango, "hiyo ni motokaa au birika? Kama ni birika, tia majani kabisa tunywe."

"Ni joto tu, Bwana Sadalla."

"Haya. Ijumaa nitaiosha yangu. Si kwa sababu yoyote, naiosha tu."

Uweso alirudi nyumbani amevimba, akamwita Timotheo, fundi wa Kishambaa. Timotheo alipapasa mipira ya maji, akaikuta mikavu. Alitikisa pampu, akaikuta imara. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa safi, haina ule weupe wa maziwa unaoonyesha kwamba maji yameingia ndani. Mwisho akainusa rejeta, akaganda.

"Bwana Uweso, rejeta yako inanukia marashi."

"Fundi, sikukuita unuse."

"Basi labda pua yangu imetangulia harusini. Nyunyiza majivu chini yake. Kama yapo matone, tutayaona."

Uweso alichekecha majivu ya jikoni, akayatandaza uvunguni mwa motokaa. Alfajiri, aliporudi kutoka msikitini, alikuta ardhi imefagiwa, hakuna tone wala majivu. Na maji yalikuwa yamepungua kuliko siku zote.

"Nimetengeneza hata motokaa za mabwana wa mkonge," alisema Timotheo, akijikuna kisogo, "lakini inayokunywa maji na kushushia majivu sijapata kuiona. Maji yasiyotoka nje yanakwenda ndani, hata kama oili inakataa. Kesho naja na spana, nifungue kichwa cha injini."

"Kesho Alhamisi! Utakifunga lini?"

"Inshallah, kama msemavyo ninyi, wiki ijayo."

Alhamisi alfajiri Uweso alitoka kwenda kusali, moyo mzito, akamwona Sadalla kila alipofumba macho. Njiani alijipapasa kichwani, akagundua kwamba amesahau kofia. Akarudi. Uani, chini ya motokaa, ilikuwa imechomoza miguu miwili yenye hina mbichi.

Aliijua. Ilikuwa ya mkwe wake, Bi Semeni, mama yake Asmahani, aliyekuwa akikaa kwao kwa shughuli za harusi. Mtu mwenye adabu hamwangalii mkwe wake akiwa katika hali kama ile. Uweso aliugeukia ukuta, akakohoa.

"Nani?" iliuliza motokaa.

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukwenda msikitini?"

"Nimerudia kofia. Umeamkaje huko?"

"Salama, ila mgongo."

Bi Semeni alijivuta akatoka, mkono mmoja ameshika kikombe, na wa pili bakuli kubwa lililojaa maji.

"Ni husuda, mwanangu," alisema bila ya kuulizwa. "Ukipita, watu wote husema 'lo, motokaa!' wala hapana hata mmoja asemaye mashallah. Nikamwendea Mwalimu Idarusi. Ameniandikia kombe kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, nami naliosha kwa marashi. Kila alfajiri nainywesha kikombe."

"Na hilo bakuli, mama?"

"Naikuta imejaa! Dawa itaingia wapi? Nafungua kikoki cha chini, nakinga, kisha naumwagia mgomba, maana maji yenye kombe hayafai kukanyagwa. Ilipozidi kuchemka, nikajua husuda imezidi, nikazidisha na mimi. Na jana, mwanangu, kuna mwovu aliyekutilia majivu uvunguni! Nimeyafagia yote."

Kumkosoa mkwe siku moja kabla ya harusi ya bintiye ni kujitafutia talaka ya ukoo mzima. Na Timotheo alikuwa anaingia uani, mfuko wa spana begani.

"Mama," alisema Uweso polepole, bado ameukabili ukuta, "Mwalimu aliagiza mgonjwa anywe. Je, aliagiza pia aumikwe, atolewe na damu?"

Bi Semeni alilitazama bakuli. "La. Huko kuumika nimekuongeza mwenyewe."

"Basi huenda amedhoofika."

"Mbona usiniambie mapema?" alifoka Bi Semeni. "Mwanamume mzima, motokaa inakauka, wewe unacheza na kofia!"

Timotheo aliinamia bakuli, akavuta pumzi. "Marashi," alisema, akageuka na spana zake akaenda kunywa chai.

Ijumaa motokaa ilikwenda mpaka Horohoro bila ya kupiga mbinja hata moja. Ile ya Sadalla, inang'aa kama kioo, ilifuata nyuma na magodoro. Vigelegele vilipopungua, Sadalla alisogea huku akirekebisha kanzu. Uweso alifungua kinywa apokee sifa zake.

"Bi Semeni," alisema Sadalla, akimpita Uweso, "yangu inakohoa kidogo ikipanda mlima. Mwalimu huyo uliyetusimulia anapatikana siku gani?"

Uweso alifunga kinywa. Akaenda kwenye motokaa, akapiga magoti juu ya kanzu yake ya harusi, akakikaza kikoki.