Boti ya Mabati

Musili alipostaafu kazi ya kuchomelea vyuma kule Athi River, hakununua ng'ombe wala kujenga ploti kama wenzake. Alijichomelea boti. Boti ya mabati mazito, akaipaka rangi ya buluu, akaitia injini kuukuu, na ubavuni akaandika jina la mkewe: NTHENYA. Watu wa kwao Masinga, kando ya bwawa, walicheka mpaka wakachoka. Mtu na mkewe, hakuna anayejua kuogelea, na wako na boti!

Mwaka ule wa mvua kubwa ya Elinino, kabla mvua haijafika kwao, wawili hao walipakia thermosi ya chai na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wakaanza kuzunguka bwawa polepole, wakifuata ukingo kama watu wasio na shamba. Nthenya alikaa mbele na mwavuli wake. Watoto waliokuwa wakinywesha mifugo walisoma ubavuni wakapiga kelele, "Nthenya! Nthenya!" naye akawapungia mkono kama bibi harusi.

Jioni walifika kwa Jeremiah, kaka yake Nthenya. Hapo ndipo moyo wa Nthenya ulipokuwa tangu mwanzo. Kaka na mume walikuwa hawajaketi pamoja tangu walipokosana kwenye mazishi ya mama yake Nthenya. Siku hiyo walikula sahani moja, wakacheka. Jeremiah aliteremka kuitazama boti, akaipigapiga ubavu.

"Shemeji, hii ingekuwa yangu, ningehamia ndani, Syombua nimwachie nyumba!"

"Hamia tu," akasema Syombua, mkewe. "Nani atakulilia?"

Musili akaifunga boti kwenye kisiki kwa kamba fupi, akakaza fundo mara mbili.

"Mbona fupi hivyo?" Jeremiah akauliza.

"Ukimwachia ndefu atatangatanga."

Nthenya hakuona kosa. Hata mbuzi wao nyumbani walifungwa hivyo. Walipokwenda kulala, ngurumo zilisikika mbali, upande wa milimani. Hapo kwao halikuanguka hata tone.

Asubuhi walipoteremka, boti hakuna. Kisiki hakuna. Maji tu, mekundu kama chai iliyokolea, yamefika kwenye mihogo ya Jeremiah.

"Woi!" Nthenya akashika kichwa.

"Shemeji, maji yamepanda," Jeremiah akaanza. "Mvua ya huko juu..."

"Usiniambie maji!" Musili akamkatiza. "Maji yanajua kufungua fundo langu? Jana si ulisema ungehamia ndani? Umeificha wapi? Mwizi wewe!"

Nthenya akaketi pale pale kwenye mihogo. Kwao, muthoni wako, yaani ndugu wa mke wako, hata sauti humpandishii. Na huyu ameitwa mwizi katika boma lake, mkewe na watoto wakisikia, muthokoi wa jana ukiwa bado tumboni.

Jeremiah akamgeukia dada yake.

"Nthenya, umesikia."

Nthenya akajua mlango wa kwao umefungwa. Akataka kulia, machozi yakakataa. Akabaki akitazama maji, na hapo ndipo alipoyaona mafuta ya injini. Yalielea kidogo kidogo, yakiwaka rangi rangi juani.

"Kaka," akanong'ona, "pale. Tazama pale."

Jeremiah akachukua mti mrefu, akaingia mpaka magotini, akadunga. Ngo! Akadunga tena. Ngo! Chuma. Akapapasa chini kwa mti mpaka ukanasa kamba, imekaza kama waya.

"Fundo lako halijafunguka, shemeji. Liko hapa. Maji yalipanda, boti ikataka kupanda nayo, ukawa umeishika mdomo chini mpaka ikanywa ikashiba."

Musili akainama, akayatazama yale mafuta.

"Mbuzi utaleta," Jeremiah akasema, "wa kuliondoa hilo neno hapa kwangu." Akauchomoa mti majini. "Na njiani umfunge hivyo hivyo."

Syombua akaangua kicheko, watoto nao. Nthenya hakuweza. Mikono yake ilikuwa bado kichwani pale Musili alipovua viatu, yeye asiyejua kuogelea, akaingia mpaka kiunoni kwenda kulifungua fundo lake mwenyewe. Akayumba. Jeremiah akamnyooshea ule mti.

"Shika, wewe. Ukizama na wewe, huyu dada yangu nitamwambia nini?"

Musili akashika.