Kuku wa Sajini Mulango

Mabibi na mabwana, wazee wa kanisa, wanafunzi wa mabweni yote pamoja na wapishi wao: simameni wima. Nawaletea Nasani Kakuru, simba wa jukwaa, nyota wa televisheni, mtu ambaye kikohozi chake tu kiliwaangusha watu wa Kampala vitini kwa kicheko.

Basi, kaeni. Mwenyewe hawezi kuja. Anauza mkaa Kakoba, mjini Mbarara, na kofia yake ya kazi imeliwa na mbuzi.

Jina alilozaliwa nalo ni Anastazi. Mama yake, Daforoza, alivuka mpaka kutoka Rwanda akiwa naye pamoja na binti mdogo, Asteria, wakapewa kiwanja Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako kijana mwenye kipaji hana wa kumwigizia ila mihogo. Anastazi aliivumilia hadhira hiyo kwa muda. Kisha kikundi cha maigizo kikapita Mbarara, naye akakibebea mapazia mpaka Kampala. Huko akawa Nasani. Akajifunza Kiganda mpaka kikamkaa mdomoni, na alipoulizwa habari za mama yake alijibu kwamba alikufa zamani. Aliona kwamba mkimbizi atabeba mapazia maisha yake yote, lakini yatima mwenyeji wa Ankole anaweza kupewa maneno ya kusema.

Akacheza chifu, mganga, mlevi, bwana harusi aliyeghairi. Mwisho televisheni ikampa Sajini Mulango. Kila wiki Sajini huyo, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi, aligonga mlango wa watu wakiwa mezani na kunguruma kwa Kiswahili cha jeshi: "Fungua mulango! Serikali inasikia baridi!" Kila wiki aliondoka na kuku wao kwapani. Waliompenda kuliko wote ni wanajeshi wenyewe. Kambini kwao Mbarara walimpigia saluti na kumnunulia bia. Mwaka wa themanini na mbili, watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa mashambani na kurundikwa Nakivale, Nasani alipita kila kizuizi cha barabarani bila kuulizwa kipande cha utambulisho.

"Pita, Sajini," walimwambia, "ila leo hatuna kuku."

Alicheka nao. Kando ya barabara, juu ya mizigo yao, walikaa watu waliozungumza lugha ya mama yake.

Haukupita muda, Swaib, mchuuzi wa vitambaa aliyekuwa akienda Rubondo, alimletea habari kutoka kwa Asteria: macho ya mama yamefunga utando, haoni ila kivuli, na bado anawatambia wenzake kisimani kwamba mwanawe husema ndani ya sanduku huko Kampala. Anasema nini humo, hakujua. Hakuwahi kumwona wala kumsikia akiigiza hata mara moja.

Nasani akaamua kwamba ikiwa mama hataona, basi walau asikie. Alifunga sukari, kitenge na ile kofia, akaondoka. Njia nzima alifanya mazoezi. Atagonga kama Sajini, mama atacheka kama walivyocheka Kampala, naye atavua kofia, ataje jina lake la zamani, aombe msamaha.

Alifika mchana. Asteria alikuwa amekwenda kuchota maji. Nasani akavaa kofia, akagonga, akanguruma.

Mama akafungua mlango, akaicheka sauti ile mpaka akajishika mbavu. "Tazi," akasema, "ndiyo kazi niliyokuzalia hiyo?" Akamsamehe kabla hajaombwa, wakachinja kuku wa pekee aliyekuwapo, wakala wote watatu mpaka mifupa.

Hapo Asteria, siku hizi mpishi wa bweni letu, niliyekuwa nikimsomea haya huku anachambua maharage, aliweka ungo chini.

"Wewe mtoto wa bweni," akasema, "huyo kuku tulimla lini?"

Nimekamatwa. Nakiri.

Daforoza hakucheka. Miezi ile watu wenye bunduki walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana, na walinguruma vilevile. Mlango ulipofunguka alikuwa amepiga magoti. Alimnyooshea kuku aliyefungwa miguu, akielekeza mikono pembeni kidogo, pale alipodhani mtu amesimama.

"Afande, chukua kuku. Iko moja tu."

Nasani hakusema neno. Kimya kile kikamtisha mama zaidi, akajibu swali ambalo hakuulizwa.

"Kijana hapana hapa, afande. Mutoto ya kiume nilikuwa naye. Alikufa zamani."

Ni maneno yaleyale aliyoyasema yeye Kampala, ili apewe kazi. Mama aliyasema ili mwanawe asiuawe.

Jina lake lilikuwa tayari ulimini. Lakini akilitaja, mama atajua kwamba aliyempigisha magoti vumbini ndiye yule wa ndani ya sanduku. Basi akabaki Sajini. Akampokea kuku, kwa sababu Sajini asiyechukua kuku angetisha zaidi.

"Asante, mama," akasema kwa sauti ileile nzito. "Simama. Funga mulango. Baridi imeisha."

Asteria alimkuta njiani, kuku kwapani, analia kama mtoto. Alimkabidhi dada yake sukari na kitenge, akamwapisha asimwambie mama. Naye hakumwambia. Daforoza alifariki msimu wa mvua uliofuata, akiwa bado anamtambia mwanawe, na kila jioni akimwombea afande mmoja aliyejua kusema asante.

Nasani hakupanda tena jukwaani. Yule kuku alizeeka Kakoba kati ya magunia ya mkaa, na ole wake aliyemtazama kwa njaa.

Na mbuzi nimemsingizia. Kofia aliitupa mwenyewe chooni kwa mama yake, siku ya mazishi, na Asteria ndiye aliyemshikia mlango.