Sahihi ya Jirani wa Mnara

Mara tatu za kwanza Kiponda alikuja kwa miguu. Yeye ndiye mzee wa kijiji chetu cha Mikongeni, na hupenda watu wamwone akitembea. Alikuwa anakaa kwenye benchi langu nje, anakunywa maji yangu, halafu ananiambia kwamba mimi ndiye ninayekirudisha kijiji kizima nyuma. Mara ya nne alikuja na gari jeupe la kampuni ya simu, akashusha kioo.

"Panda, Baba Pamela. Kikao kiko chekechea. Watu wote wamefika, unangojwa wewe tu."

"Chekechea si ile pale?" nikamwonyesha kwa kidevu. "Nitatembea."

"Utatuchelewesha."

"Mimi nimewangoja nyinyi miaka mingapi? Na nyinyi ningojeni kidogo."

Gari likaondoka, likaniachia vumbi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni ilitaka kusimamisha mnara wa simu, busta tunavyouita sisi, kwenye kiwanja cha umma hapa Mikongeni, ukipanda bara kutoka Matsangoni. Kiwanja ni mali ya kaunti, na wakubwa walikuwa wameshakubali kukikodisha kwa miaka ishirini. Ila kulikuwa na fomu moja ambayo lazima itiwe sahihi na jirani anayepakana nacho. Upande mmoja wa kile kiwanja ni barabara, upande wa pili ni shule, upande wa tatu ni korongo. Upande wa nne ni mimi. Nina miaka sitini na minne, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wakubwa kutaka kwangu kitu ambacho hawakuweza kukichukua tu.

Kile kiwanja nakijua kuliko wao. Ekari moja pale ilikuwa yangu. Nilikata mikorosho sita kwa mkono wangu, kwa sababu mke wangu Kadii alinishikilia mchana na usiku: toa, Sanga, toa tujengewe zahanati, wanawake wanazalia njiani. Nikatoa. Wakaja na karatasi, wakaandika wanavyojua wao. Wakajenga msingi na ukuta wa kufika kiunoni, wakapigana picha, wakaenda. Tangu hapo kila uchaguzi huja mtu na koti lake, anauegemea ule ukuta anatuahidi mabati. Mbuzi wanalala mle.

Ukuta una faida moja tu. Ukipanda juu ya ile pembe iliyoelekea baharini, simu inashika. Kwingine kote kijijini haishiki.

Basi nikafika chekechea. Watu wazima walikuwa wamekalia vile viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mbele palikuwa na meza, na nyuma ya meza Bwana Mwambire, msimamizi wa wadi, na kijana mmoja wa kampuni aitwaye Kyalo, mtu wa Ukambani, mpole, shati limechomekwa vizuri. Mlangoni alikuwa Kabibi na chupa za chai. Kabibi ni mdogo wake marehemu mke wangu, mulamu wangu. Ana kibanda cha kuweka na kutoa pesa za simu, na biashara ile inamtoa jasho, maana kila anayetaka kutoa pesa lazima waongozane wote wawili mpaka ukutani, mteja na yeye.

"Shikamoo, mulamu," akasema.

"Marahaba. Umekuja kuniuza na wewe?"

"Nani akununue, na uso huo?"

Watu wakacheka. Mimi nikatafuta kiti, nikapewa cha rangi ya manjano.

Kiponda akafungua kwa maneno mengi. Msimamizi akaongeza yake: dunia inakwenda mbio, watoto wetu wasome kwa simu, wakulima wajue bei ya korosho. Halafu akasukuma karatasi kwenye meza. "Mzee Sanga, ni hapa tu. Sahihi moja, kisha tunywe chai."

"Nisomewe."

"Ni mambo ya kawaida, mzee. Fomu ndefu."

"Mimi niliachia darasa la tatu, bwana. Herufi moja moja nazijua, zikikaa kundi zinanishinda. Ekari yangu ilikwenda kwa karatasi ambayo sikusomewa. Hii nisomewe yote."

Mwambire akatazama saa. Kyalo akaichukua karatasi, akaanza kusoma bila kinyongo. Ukubwa wa kiwanja. Urefu wa mnara. Jenereta, ua wa seng'enge, mlinzi. Akafika mahali pameandikwa sababu za mradi.

"'Wakazi wamepata taabu ya muda mrefu kwa ukosefu wa mtandao,'" akasoma. "'Katika kisa kimoja cha kusikitisha, Bi. Kadii Sanga, mkazi wa hapa, alifariki dunia baada ya familia yake kushindwa kupiga simu ya kuita ambulansi.'"

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema Mungu amrehemu. Mimi nilihisi masikio yamejaa maji.

"Nani kayaandika hayo?"

"Nimewaeleza mimi," akasema Kiponda, na akasema kwa upole, sikatai. "Nikaona marehemu atajwe. Ni heshima yake pia, Baba Pamela. Na si ndivyo ilivyokuwa? Kila mtu anajua."

"Sivyo ilivyokuwa."

"Sivyo vipi?"

Miaka miwili nililinyamazia neno hili. Nilidhani nitakwenda nalo kaburini. Lakini kusikia uongo umeandikwa, umepigwa chapa, jina la Kadii limo, ndiko kulikonishinda.

"Simu ilishika," nikasema. "Nilipanda ukutani saa nne asubuhi, nikapiga ile nambari, wakapokea. Mtu akaniambia gari lipo lakini mafuta hayapo, na mkubwa anayetia sahihi ya mafuta yuko semina. Nikamwambia mke wangu ana pumu, hapati pumzi. Akaniambia pole, mzee, jaribu tena baadaye. Nikajaribu tena mara tatu. Mara zote simu ilishika. Kadii hakuuawa na mtandao. Muandike hivyo."

"Hilo haliwezi kuandikwa," akasema Mwambire. "Hiyo ni tuhuma, mzee. Fomu hii ni ya mnara, si ya malalamiko."

"Mbona kufa kwake kumeandikwa?"

"Tunaweza kuyafuta."

"Mnajua sana kufuta. Sasa mnataka ekari yangu niliyoitoa kwa zahanati muipandishe chuma, tena mumtie mke wangu chini yake awe ndiye sababu. Mnatujengea mnara ili tuambiwe kwa sauti safi kwamba gari halina mafuta. Sitii sahihi."

Wengine wakaanza kunong'ona, wengine wakanikemea waziwazi. Kiponda akashika kichwa. Nilikuwa nimeshasimama kwenda zangu, nikiwa nimechoka mpaka kwenye meno, Kabibi aliponizuia mlangoni. Chupa ya chai ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ulituambia haishiki," akasema.

"Kabibi."

"Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika. Nimemkalisha, nimemwegemeza kifuani kwangu, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya kwa mrija. Kila ukiingia anakuuliza kwa macho. Wewe unasema mtandao unasumbua, najaribu tena. Mara ngapi ulisema?"

"Mara nne."

"Mara nne!"

"Ningemwambiaje?" nikasema. "Aliponitazama, ningemwambia hakuna anayekuja? Mtandao huwa unarudi. Nilitaka awe na kitu cha kungojea."

Niliyasema hayo mbele ya watu wote, na mulamu wangu hakulainika hata kidogo.

"Lori la mawe la Mramba lilipita saa nne na nusu," akasema. "Nililiona dirishani, tupu, linateremka Matsangoni. Nikataka kumpigia kelele dereva. Nikasema moyoni, la, Sanga yuko ukutani, ambulansi ina hewa ya kumsaidia, tusimtikise kwenye lori bure. Nikaliacha lipite. Miaka miwili nimeulaani mtandao, kumbe nimelaani bure. Tulimpakia kwenye boda boda saa tano na nusu, akafia njiani tukiona lami. Saa nzima na nusu, mulamu! Ungeniambia mimi tu, kando, nje ya mlango."

Wakubwa ninawalaumu, na nitawalaumu mpaka nife, kwa sababu mafuta ya gari la wagonjwa si kitu cha kungoja mtu atoke semina. Lakini hilo lori sikuwahi kulisikia. Nilikuwa juu ya ukuta nimeipa mgongo barabara, nimekaza simu sikioni.

"Basi unaona," akasema Kiponda taratibu, "mambo yenyewe ni magumu. Tuyaache ya marehemu—"

"Wewe nyamaza, Kiponda!" Kabibi akamgeukia. "Ulimtia ndugu yangu kwenye karatasi bila kuuliza mtu." Kisha akanirudia mimi, sauti imeshuka. "Mimi huu mnara nautaka. Nautaka kuliko hawa wote, na si kwa ajili ya kibanda. Siku ile ningekuwa na simu inayoshika mkononi mwangu, ningepiga mwenyewe, nikasikia mwenyewe kwamba hakuna gari. Ningetoka nikalilalia barabarani lile lori. Sitaki tena mtu wa kunipandia ukuta na kuniteremshia habari anazoziona yeye zinanifaa. Iwe ni wewe, iwe ni msimamizi. Nataka kusikia mwenyewe."

Nikarudi kukaa. Kile kiti cha manjano kilikuwa chini mno, nikajikuta natazama viatu vya watu.

Nilifikiri kuhusu zahanati. Niliifikiria kama mtu anavyofikiria deni ambalo mdaiwa wake ameshahama. Ukikataza mnara, zahanati inakuja? Haiji. Hilo nilikuwa nalijua hata siku ya kwanza nilipomkataa Kiponda. Nilikuwa nakataa kwa sababu kukataa ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho mkononi. Na Kabibi alikuwa ameniomba kitu kidogo, kitu ambacho siku ile nilimnyima.

"Kijana," nikamwita Kyalo. "Hiyo fomu ina mahali pa jirani kusema neno?"

Akageuza karatasi. "Iko, mzee. Maoni ya jirani. Mistari mitatu."

"Hapo naweza kusema nitakalo?"

Kyalo akamtazama Mwambire. Mwambire akasema lazima kwanza aulize juu, akatoa simu yake, akaiangalia, akakumbuka yuko wapi. Ikabidi atoke, akavuka barabara, na sote kupitia dirishani tukamwona anajikokota kuupanda ukuta na suruali yake ya kupigwa pasi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Shikilia vizuri, mkubwa, hapo pana mavi ya mbuzi!" Chekechea nzima ikacheka, na mimi nusura nicheke.

Aliporudi alikuwa anapangusa mikono. "Wanasema muandike tu. Hiyo sehemu ni ya mwananchi." Alivyolisema nilielewa kwamba hiyo sehemu hakuna anayeisoma.

"Kwanza yale ya mbele yakatwe," nikasema.

Kyalo akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la mke wangu na maneno yote yaliyolizunguka, akanionyesha. Kisha akageuza upande wa pili, akanisubiri. Nikamwambia polepole, naye akaandika: kwamba mke wangu Kadii aliugua pumu, kwamba simu ilishika, kwamba gari la wagonjwa halikuwa na mafuta na hakukuwa na mtu wa kuyatolea sahihi. Kwamba kiwanja hiki kilitolewa kwa zahanati.

"Mistari imekwisha, mzee."

"Andika pembeni," akasema Kabibi. Alikuwa amesogea mpaka mezani. "Andika kwamba mumewe alijua saa nne, na sisi tukajua leo."

Kyalo akasita. Akanitazama mimi, maana sahihi ilikuwa yangu.

"Andika," nikasema.

Akaandika pembeni kwa herufi ndogo, karatasi ameigeuza ubavu. Kulikuwa na visanduku viwili chini, cha kukubali na cha kupinga. Akaniuliza atie alama kipi. Nikamwonyesha cha kwanza. Kisha nikaandika Sanga, herufi tano, moja moja.

Kiponda akapiga makofi, wachache wakamfuata, wakaacha. Mwambire alitia karatasi kwenye bahasha na kuuliza chai iko wapi. Kabibi akawamiminia wote, akianzia kwa wageni, mpaka akafika kwangu. Akanijazia kikombe, akakiweka sakafuni karibu na mguu wangu, hakunipa mkononi.

"Kabibi," nikasema.

"Usinisemeshe leo, mulamu. Labda kesho."

Akachukua chupa yake akaenda kwa watu wengine. Nikakaa pale kwenye kiti cha mtoto nikanywa chai, kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa.