Kiti Kinachobebwa Mabegani

Kiti cha mkuu wa wilaya kilitoka karakanani kwa Fahardine seremala, mtaa wa Mangarivotra mjini Mahajanga, Jumatano asubuhi, kimefunikwa shuka jeupe kisiingie vumbi. Soulé alikuja kukichukua kwa pusipusi yake, kile kigari cha magurudumu mawili anachokivuta mwenyewe akipeleka abiria sokoni na bandarini. Wakakipakia, wakakifunga kamba. Walipofika kona ya duka la mkate, mwoka mikate alitoka nje na unga mikononi, akafungua kamba bila kuuliza, akakitia kiti begani. Kinyozi wa jirani akaacha kichwa cha mteja katikati, akashika upande wa pili. Mteja naye akaja, nywele nusu zipo nusu hazipo. Hatua chache mbele wakatokea wengine, wakawapokea, na waliopokewa wakabaki nyuma wakitembea polepole, macho chini, wakinong'ona yale yanayonong'onwa.

Mpaka kiti kinafika ofisini, nyuma yake walikuwa wamejipanga wachukuzi wa bandari, Wahindi wa maduka ya vitambaa na padri mmoja aliyekuwa ametoka kununua samaki. Soulé alifuata na pusipusi tupu. Hakulalamika. Kitu cha kubebwa na watu kilikuwa kimebebwa na watu, naye alilipwa nauli yake vilevile.

Fahardine alitembea mwisho kabisa. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Kila Mwislamu katika msafara ule alijua kwamba hivyo ndivyo jeneza linavyobebwa, kila mtu akigombea kutia bega japo kidogo apate thawabu, lakini ni fundi peke yake aliyejua kwa nini kiti kilitendewa vile.

Kiti kile kilikuwa kitanda. Kilikuwa kitanda cha besera, chenye nguzo nne za kutundika chandarua, cha Bahia, mjane wa Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be, ambaye Fahardine alimwita Koko kama wajukuu wa Kingazija wanavyowaita bibi zao. Mumewe, Mzee Athoumani, ndiye aliyemfundisha Fahardine kushika patasi, na ndiye aliyekichonga kitanda kile kwa palisanda, mbao ngumu ya bara, mwaka aliomuoa Bahia. Kwenye mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, alitia maua ya langilangi, yale ya kutengenezea manukato, kwa sababu alipomwona Bahia mara ya kwanza alikuwa anachuma langilangi katika shamba la Mfaransa, na kikapu kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

Mzee alipofariki, jeneza la msikiti lilikuwa limeliwa na mchwa. Lilikatika mbele ya mlango wake mwenyewe, na marehemu akateremka mchangani mbele ya watu. Bahia alitoka, akamfunika kwa shiromani yake, shuka la kujitanda, akarudi ndani. Arubaini ilipokwisha alimwita Fahardine, akamwonyesha kitanda.

"Kichukue," alisema. "Ukitengeneze jeneza la msikiti. Asianguke mtu tena."

"Na wewe Koko utalala wapi?"

"Mkeka upo."

Fahardine aliapa akiwa ameshika tendegu la kitanda. Akakifungua vipande, akavisafirisha kwa meli ya mizigo hadi Mahajanga, kwenye meza yake na randa zake, akaviegemeza pembeni mwa karakana.

Kisha ikaja bendera mpya. Mtawala wa Kifaransa aliondoka na kiti chake, na mkuu wa wilaya, Mmalagasi wa kwanza kuingia katika ofisi ile, hakuwa na cha kukalia ila benchi la walinzi. Waziri alikuwa anakuja kutoka Antananarivo. Mkuu alimwita Fahardine, akasema anataka kiti ambacho Mfaransa yule angekiona angejuta kuondoka. Palisanda kavu haikupatikana mji mzima. Palisanda mbichi ingepasuka kabla hotuba haijafika katikati. Fahardine alirudi nyumbani, akakitazama kitanda cha Bahia, akajitia hamnazo. Kesho yake alikitazama tena, na mara hii alikuwa na futi mkononi.

Jeneza alilitengeneza kwa makasha ya sabuni yaliyotoka Marseille. Alilipaka rangi ya kahawia, akalipiga msasa, akalipaka tena. Alijiambia kwamba mvua zikikatika atapata palisanda nyingine na kulitengeneza upya. Mvua zilikatika.

Alilipeleka Ambanoro mwenyewe, kwa kuwa aliona vibaya kumtuma mtu. Alimkuta Bahia ameketi mkekani, mkeka uliochakaa mahali pa bega na mahali pa nyonga. Bibi alipapasa jeneza kwa kiganja, taratibu, kutoka kichwani hadi miguuni, akarudia upande wa pili.

"Maua yako wapi, mwanangu?"

"Nimeyaondoa, Koko. Jeneza halitiwi maua."

"Kweli," akasema Bahia. "Linanukia sabuni."

"Ni usafi tu, Koko."

"Vizuri. Basi mtu atakwenda akiwa ameoga mara mbili."

Akaomba ashikwe mkono, akalala ndani yake kama mtu anavyojaribu kiatu dukani, akapanga miguu, akafumba macho. Mbao zililia. "Linanitosha," alisema. Alipoinuliwa alimwombea Fahardine dua ndefu, akamtaja na baba yake na watoto wake kila mmoja kwa jina, na Fahardine akaitikia amina huku anatamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni shukrani za chai.

Mahajanga, kiti kilikuwa kimeshazoeleka. Kila kilipotolewa kwenda kwenye sherehe, ufunguzi wa shule au mkutano wa uwanjani, mitaa ilisimama, wanaume wakaacha kazi na kutia bega. Watu wa maduka walijua kuweka mtu wa kubaki. Na kiti kikiwa ofisini mambo yalikuwa mazuri zaidi kwa upande wa serikali. Waliokuja kushtaki kwamba viwanja vyao vimechukuliwa, au kwamba mtoto wao anashikiliwa bila kesi, walivua viatu mlangoni, wakateremsha sauti, wakamtazama mkuu jinsi alivyokaa katika palisanda ile, na maneno waliyoyapanga njia nzima yakawapotea.

"Tumesamehe," walisema. "Na wewe utusamehe."

Kisha wakatoka kinyumenyume. Karani alikuwa ameacha kutayarisha wino.

Fahardine alikwenda ofisini akiwa amejikaza. Alikuwa amepanga kusema kwamba kiti kina kasoro, kwamba kuna ulimi wa kiungo haukukaa sawa, kwamba akirudishiwa atakitengeneza kingine bora zaidi. Alivua viatu kama wengine. Mkuu alimpokea kwa Kifaransa, akasimama kabisa kumpa mkono.

"Fundi, nilidhani watu wa mji huu ni wakaidi. Waziri mwenyewe aliuliza siri yangu. Nilimwambia nina fundi."

"Mheshimiwa, kuhusu hicho kiti..."

"Hata msumari usiguse," alisema mkuu, akipapasa ua la langilangi kwenye egemeo, pale ambapo Athoumani alilichonga na Fahardine hakuwa na moyo wa kulipiga randa. "Ukumbi wa baraza nao hauna viti. Nataka uvitengeneze wewe."

Fahardine aliangalia lile ua. Mkuu alikuwa analikuna kwa kucha, kwa mazoea, kama mtu anayekuna kidonda kilichopona. Fundi alitaka kumwambia aache.

"Misaotra, tompoko," alisema. Asante, bwana. Akatoka kinyumenyume, na nje alikaa ngazini muda mrefu akivaa viatu. Alijidharau, na kwa sababu alijidharau alipita njia ya nyuma asikutane na mtu wa Nosy Be.

Habari ya Bahia aliletewa na baharia. Bibi alikuwa amezidiwa, asingemaliza juma. Fahardine alipanda meli siku hiyohiyo, na alipofika Ambanoro Bahia alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda. Alikuwa amelazwa ndani ya makasha ya sabuni.

Ambanoro nzima ilimpenda Bahia. Wavuvi hawakwenda baharini. Wanaume walijipanga kandokando ya njia kutoka nyumbani hadi makaburini, wamevaa kanzu na kofia, mabega tayari. Fahardine, Maalim Zoubeiri wa msikitini, Maoulida aliyekuwa mpwa wa marehemu, na mchimba kaburi wakalinyanyua jeneza, wakatoka nalo mlangoni.

Hakuna aliyekuja kuwapokea.

Wanaume waliwapisha njia, wakawasalimia, wakaendelea kutazama nyumba ya marehemu. Mmoja aliuliza kama sabuni imepanda bei. Mwanamke aliyesimama dirishani aliuliza kama watauza leo au kesho, kwa sababu leo kuna msiba, si vizuri.

"Ni Bahia huyu," alisema Fahardine.

"Ndiyo, tunamngoja," alijibu mzee mmoja, machozi yanamlenga. "Wamechelewa kumtoa. Ninyi piteni tu, msije mkazuia njia."

Maalim Zoubeiri alikuwa mtu wa makamo mwenye maradhi ya mgongo, na jasho lilimtiririka ndevuni, lakini hakukuwa na wa kumpokea. Walipumzika wanapopumzika wachukuzi, wakalinyanyua tena. Begani mwa Fahardine rangi ya kahawia ilikuwa inabanduka kwa jasho na chini yake kulikuwa na herufi za kiwanda. Alizifunika kwa mkono. Njia nzima alizifunika, na mkono ulipochoka alibadilisha bega akazifunika kwa mkono mwingine.

Walimzika wao wanne. Waliporudi, wanaume bado walikuwa wamejipanga njiani. Walisimama hadi alasiri, kisha wakarudi nyumbani mmojammoja wakiwa na huzuni, wakiambizana kwamba Bahia amezikwa bila wao kujua, na kwamba haikuwa haki, mtu kama yule.

Maalim alimvuta Fahardine pembeni ya msikiti, akamwonyesha mkono wake mwenyewe. Vidole vilikuwa na rangi ya kahawia.

"Kitanda kiko wapi?" aliuliza kwa upole.

"Kipo, Maalim. Mahajanga."

"Kinatumika?"

"Kinatumika."

Maalim alitikisa kichwa, akanawa mikono, akaenda kuadhini. Jeneza lilirudishwa mahali pake nyuma ya mlango wa msikiti, na liko pale hadi leo, kwani hakuna aliyeleta lingine. Wanaokufa Ambanoro hubebwa na watu wanne, na kijiji kizima husimama njiani kuwangoja.

Fahardine alirudi Mahajanga siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru. Asubuhi ya sikukuu alikuwa anachagua mbao za viti vya baraza aliposikia nyayo. Kiti kilikuwa kinakuja, kinapelekwa uwanjani. Mwoka mikate alikuwa mbele, na kinyozi, na Soulé, ambaye siku hizi haendi hata na pusipusi.

"Kimezidi uzito," alisema Soulé, akipumua kwa shida. "Tangu wiki iliyopita. Zamani kilikuwa kitupu."

Fahardine hakuwahi kukitia begani tangu kilipotoka mikononi mwake. Siku zote alijificha nyuma. Safari hii aliweka randa chini, akatoka, akainamisha bega, akampokea Soulé. Uzito haukuwa mkubwa. Ulikuwa uzito wa kizee mdogo, umelalia upande mmoja, upande wa bega na nyonga, na alipohema alisikia harufu ya langilangi na ya sabuni. Alianza kulia palepale, hadharani, na waliomzunguka walimwona, wakadhani ni uhuru.

Hakutaka kupokewa. Waliomkaribia aliwatikisia kichwa. Alimbeba Koko hadi uwanjani, akapita naye katikati ya bendera na watoto wa shule, akampandisha jukwaani, akamweka chini taratibu, akarekebisha miguu yake isiyumbe.

Mkuu wa wilaya alimshukuru kwa kichwa, akainua mikia ya koti lake, akaketi.

Watu wakapiga makofi. Fahardine naye akapiga.