Unene wa Damu

Kwa miezi minne Joan alikuwa amekata soda na kuanza kutembea kwa miguu kutoka Kibomet hadi kazini Kitale mjini, kwa sababu daktari alimwonya juu ya presha, naye bado ana mtoto mchanga wa kulea. Leo, nyumbani kwa bibi yake huko Sirisia, alipanda mizani ya kupimia magunia ya mahindi, moyo ukimdunda. Themanini na sita! Kilo tisa zimeyeyuka. Akapiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika.

"Unajisumbua bure, bana," mama yake, Edah, akasema. "Sisi unene ni damu. Hata huyo mtoto ataurithi."

Furaha ya Joan ikaanza kunywea. Ndipo bibi, waliyemwita Kukhu, akaweka jembe chini akapanda mizani. Arobaini na tisa.

"Edah, si ni mimi nilikuzaa?" akauliza. "Sasa hiyo damu ya unene uliitoa wapi? Ama ni mandazi ya ofisi?"

Edah akacheka hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi, akamgeukia bintiye.

"Hizo raba za kutembelea ni namba ngapi?"

"Saba, mama."

"Vua nijaribu."