Njia ya Ngome, Kutoka Umoja Hadi Dandora

Neno lililomponza Kweyu lilikuwa moja tu, na alilisema akiwa amechoka.

Lilimtoka mwaka uliotangulia, kule Ujerumani, alikokwenda na timu ya kiwanda alichofanyia kazi kushindana mbio za barabarani kando ya mto Rhine. Alimaliza katikati ya kundi, na kiwandani habari hiyo ilisahaulika kabla viatu vyake havijakauka. Mwenyeji wake hakumsahau. Mwenyeji huyo aliitwa Dieter, mwoka mikate mstaafu, mrefu, mwenye masikio mekundu. Alimpa Kweyu kitanda cha mwanawe, akamlisha viazi vilivyopikwa kwa namna ambazo Kweyu hakujua kiazi kinaweza kukubali, na kila asubuhi akatoka naye kukimbia bondeni.

Bonde lile lilikuwa na ngome za mawe juu ya vilima, na kila ngome Dieter alikuwa na habari zake: nani aliijenga, karne gani, alimpora nani. Wenye ngome, alieleza, walikuwa mabwana wakubwa waliokaa juu wakiutazama mto. Mashua ikipita chini ililipa ushuru. Isipolipa, ilikiona cha mtema kuni. Siku hizi watu wanatoka mbali na kamera zao kuja kuzitazama ngome hizo, na wajukuu wa waporaji wanawakaribisha kwa kahawa.

"Na kwenu?" Dieter alikuwa akiuliza kila siku. Kwenu kuna theluji? Kwenu kuna mvinyo? Kwenu kuna njia ya baiskeli? Kweyu akajibu hakuna, hakuna, hakuna, mpaka neno lenyewe likamkinaisha mdomoni. Asubuhi ya mwisho Dieter akauliza kama kwao kuna njia ya kukimbilia kama hii, yenye mto na ngome.

"Iko," Kweyu akasema.

Sasa Dieter amekuja Kenya kuona simba. Amekwisha kuwaona. Amebakiwa na Jumamosi moja kabla ya kupanda ndege, na amepiga simu ofisini kiwandani kusema Jumamosi hiyo anataka kukimbia njia ya ngome.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Nekesa, mkewe Kweyu, akichambua vitunguu. "Yako wewe ni ya kutoka hapa Umoja hadi Dandora na kurudi."

Kweyu hakucheka. Hakuwa mtu wa uongo, na hilo ndilo lililomuuma. Akisema atafika, hufika. Wazo la mzee yule kurudi kwao akijua kwamba kitanda cha mwanawe alikilalia mwongo lilimnyima usingizi.

"Kwani ngome ni nini?" akajitetea. "Ni nyumba kubwa ya mtu aliyechukua visivyo vyake. Hapa kwetu zimejaa."

"Sawa, Baba Mitchelle. Muonyeshe zote. Lakini ukifika kwa Mzee Opicho, pita kimya."

Nekesa alikuwa na sababu. Meza yake ya mboga ilisimama chini ya ukuta wa Mzee Opicho, kwa hisani ya Mzee Opicho, na ukuta huo ndio uliolipia maziwa ya mtoto.

Jumamosi asubuhi Dieter alishuka kwenye teksi amevaa kaptura nyembamba kama karatasi ya sigara. Wakaanza kukimbia. Majirani walitoka milangoni kuuliza mzungu amefanya nini mpaka anakimbizwa na Kweyu.

Ngome ya kwanza ilikuwa upande wa Kariobangi: jengo la ghorofa lisilo na paa wala madirisha, vyuma vimechomoza juu, mbuzi wawili wamelala ndani. Dieter akasimama, mikono kiunoni. Walizungumza Kiingereza, ambacho wote wawili walikuwa wamekiazima.

"Karne gani?"

"Ya ishirini," Kweyu akasema, jasho likimtoka kuliko mwendo ulivyostahili. "Ni ya mkubwa mmoja wa mambo ya jiji."

"Nani aliibomoa?"

"Haikubomolewa. Haikuisha."

"Vita?"

"Uchaguzi."

Dieter akainamisha kichwa kwa heshima, akapiga picha mbuzi wakiwemo.

Wakateremka mtoni. Maji yalikuwa meusi yenye povu, na harufu ilikuja kuwapokea mbali. Kweyu alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini Dieter alisema kwamba Rhine nayo ilinuka alipokuwa kijana, samaki wakielea matumbo juu, na akaendelea kukimbia. Kwenye kivuko wakakuta vijana wamelaza mbao mbili juu ya maji na kukaa kwenye ncha zake.

"Niaje, Kweyu," mmoja akasema. "Leo umetuletea mgeni? Mgeni analipa kama watu wawili."

"Wanatoza kuvuka?" Dieter akauliza, masikio yakizidi wekundu. "Na asiyelipa?"

Kweyu akatafsiri swali.

"Aogelee," kijana akajibu.

Dieter alicheka mpaka akashika magoti. Maisha yake yote, alisema, alikuwa akiwasimulia wageni habari za ushuru wa mto, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuulipa. Akalipa kwa furaha, akataka kulipa tena wakati wa kurudi.

Baada ya hapo kitu fulani kilimfunguka Kweyu kifuani. Alikuwa ametoka nyumbani akidhani atatunga, na sasa aliona hakuna cha kutunga. Walipofika Dandora, Dieter akaonyesha mlima unaofuka moshi, ndege wakubwa wenye upara wamesimama juu yake na watu wameinama wakichagua taka.

"Na huu nani aliujenga?"

"Huu tuliujenga wote," Kweyu akasema, na hakuona haya.

Njia nzima ya kurudi alisema. Hapa palikuwa na kituo cha maji, sasa ni baa. Pale palipimwa kuwa barabara, sasa ni nyumba, ndiyo maana tunapinda. Akaeleza nani alijenga, nani aliporwa, kama alivyofundishwa kule bondeni. Raha ya kusema kweli ikampanda kichwani kama pombe ya busaa, na kabla hawajaingia Umoja alikuwa ameshaisimulia ngome ya mwisho, kubwa kuliko zote. Palikuwa na kiwanja cha mpira cha watoto. Asubuhi moja kikaamkia ndani ya ua. Mwenye ua alikuwa na karatasi yenye muhuri, na wazazi hawakuwa nayo.

Kisha nyumba yenyewe ikatokea: ghorofa tano, kuta zimepandwa vipande vya chupa, na pembeni mnara wa duara wenye kofia ya mabati mekundu. Dieter akapiga mluzi. Chini ya ukuta Nekesa alikuwa akikata sukuma wiki. Na langoni, katika kanzu ya kulalia na malapa, alisimama Mzee Opicho mwenyewe, mzee wa kanisa, akiota jua.

Kweyu alikaza mwendo apite kimya. Dieter alisimama. Kwao, mtu akikutana na mwenye ngome humpa mkono, na huwezi kumlaumu mgeni kwa kuwa na adabu.

"Hongera sana," akamwambia Mzee Opicho kwa Kiingereza. "Rafiki yangu ameniambia yote. Uwanja mzima kutoka kwa watoto, na bila hata askari mmoja!"

Kisu cha Nekesa kikasimama.

Mzee Opicho hakuinua sauti. Alimgeukia Kweyu na kuuliza kwa Kiingereza kilekile, taratibu, ili kila mtu aelewe. "Kijana wangu, ni wewe umemwambia mgeni maneno haya?" Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa, akamfungulia mlango wa kujinasua. "Mwambie tu ulikuwa unamtania. Tucheke yaishe."

Dieter naye akamtazama Kweyu. Uso wake mrefu ulikuwa na swali, na Kweyu aliliona vizuri: kama hili ni utani, basi na mbuzi ni utani, na daraja, na mlima, na lile neno alilolisema Ujerumani. Akamtazama Nekesa. Nekesa alikuwa akitazama sukuma wiki. Kweyu alitamani sana kusema uongo. Hakuwa amewahi kuutamani namna ile.

"Si utani, mzee," akasema. "Nilicheza hapo mpira mimi mwenyewe."

Mzee Opicho akatikisa kichwa. Dieter, ambaye uso wake ulikuwa umeng'aa tena, akaomba picha mbele ya lango. Mzee hakukataa. Akamweka Kweyu kando yake, akamzungushia mkono begani, akatabasamu kwa meno yote.

"Mwambie mkeo meza yake nisiikute hapa mchana," alisema kwa Kiswahili, bila kufunga tabasamu. Dieter akabonyeza kamera.

Hapakuwa na haja ya kumwambia. Nekesa alikuwa ameshaanza kurudisha vitunguu guniani. Kweyu akamwendea. Alikuwa na uchungu na aibu, na chini ya aibu alijisikia mwepesi, na wepesi huo ndio uliomfanya amwonee mkewe haya zaidi.

"Mama Mitchelle, nisamehe."

Nekesa akafunga gunia kwa kamba. Alivuta fundo mara mbili kabla ya kusema.

"Huyu mzee wako. Huko kwao alikuambia nani alijenga, nani aliporwa."

"Ndiyo."

"Alikuambia walioporwa walienda wapi?"

Kweyu akakumbuka bonde lote, kilima kwa kilima.

"Hakusema."

"Basi mpe ashike meza upande ule. Twende naye aone."

Kweyu akamwambia. Dieter akaweka kamera mfukoni, akashika meza kwa mikono miwili, akauliza kama ni mbali.